Gari linavuja chini: kulifuata tone mpaka linakotoka

Dereva mmoja wa Probox anayebeba abiria kati ya Malindi na Garsen aliniletea gari lake likiwa limeshateremshwa giaboksi mara mbili kwingineko. Kila mara aliambiwa sili ya nyuma ya krenki (raba inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea upande wa giaboksi) imekufa. Kila mara akanunua mpya, akalipa ufundi wa siku nzima, na wiki haikuisha kabla doa jeusi halijarudi pale pale, chini ya maungio ya injini na giaboksi. "Fundi, nimechoka mie," akaniambia. "Nawe wataka tuteremshe mara ya tatu?" Nikamwomba aniachie gari usiku mmoja, na nikamwahidi sitafungua hata nati moja.

Tulichofanya usiku ule mwenye gari yeyote aweza kukifanya nyumbani kwake, kwa maboksi, tochi na subira. La kushika tangu mwanzo ni hili: tone huangukia kutoka mahali pa chini kabisa, lakini tundu lenyewe liko juu zaidi, na mara nyingi liko mbele zaidi, kwa kuwa gari likienda upepo huisukuma oili kuelekea nyuma. Kwa hiyo ukiwa chini ya gari usihangaike na palipolowa sana. Tafuta palipolowa juu kabisa.

Boksi la usiku mmoja

Egesha gari mahali tambarare. Ukiegesha mchangani, kama nyua zetu nyingi zilivyo, mchanga utainywa oili na hutaona kitu asubuhi. Tandaza boksi kubwa lililokunjuliwa, la friji au la televisheni, kuanzia mbele ya injini hadi chini ya miguu ya dereva. Kama huna kubwa, unganisha madogo. Kabla ya kwenda kulala, chora kwa kalamu au mkaa mahali gurudumu la kulia na la kushoto yalipo, na uandike "mbele". Bila alama hizo, ukilivuta boksi asubuhi utabaki na madoa usiyojua yalikuwa chini ya nini.

Asubuhi tazama doa liko wapi, lina upana gani na lina rangi gani. Kisha washa gari, liache lipate moto kwa dakika kumi na tano, uangalie tena. Wakati wa kuvuja una habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kinachovuja injini ikiwaka tu kinasukumwa na presha: oili kwenye swichi ya presha au kwenye filta, maji kwenye redieta, mafuta kwenye paipu za stelingi. Kinachovuja usiku gari likiwa limelala kinajishukia chenyewe kwa uzito wake: sili, gasketi, nati ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini). Halafu iko hosi ya maji inayotona alfajiri tu na kukauka gari likipata moto. Hiyo ni klipu iliyolegea. Baridi huifanya raba isinyae, joto huivimbisha, basi mchana ukienda kwa fundi hakuna cha kumwonyesha.

Gilasi ya maji

Rangi husaidia, lakini hudanganya pia, maana oili yoyote ikizeeka huwa nyeusi au kahawia. Ndiyo maana mimi huanza na jaribio dogo. Kata chupa ya plastiki, tia maji safi, kisha dondosha humo kidogo cha kilichovuja. Ikielea juu na kutandaa kwa rangi za upinde wa mvua, ni oili au mafuta: ya injini, ya giaboksi, ya stelingi, petroli au dizeli. Ikizama na kuchanganyika na maji mpaka isionekane, ni kulanti (maji ya kupozea injini) au mafuta ya breki. Jaribio hili la nusu dakika limenitoa kwenye mabishano mengi, hasa pale mtu anaposema "ni oili tu" kumbe ni breki zinazoisha.

Baada ya hapo tumia karatasi nyeupe ya shashi na pua yako. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia na huteleza vidoleni. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki huwa mekundu yakiwa mapya, na yakizeeka huwa ya kahawia. Ila magari ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) hayafuati sheria hiyo, mengine hutumia mafuta ya kijani. Kulanti ni ya kijani, nyekundu au waridi, na ina harufu ya utamuutamu. Mafuta ya difu (gia zilizo katikati ya magurudumu) ni mazito na yananuka kiberiti, kama yai viza. Ya breki ni mepesi, ya rangi ya maji hadi ya chai, na hubambua rangi ya gari. Petroli haihitaji maelezo. Usionje chochote. Kulanti ni sumu, na utamu wake huwavuta paka na mbuzi, kwa hiyo ikimwagika ioshe kwa maji mengi siku ile ile.

Maji matupu yasiyo na harufu

Hapa Pwani hili ndilo lalamiko la kwanza kuliko yote, na mara nyingi hakuna ugonjwa. Hewa yetu imejaa unyevu. AC ikifanya kazi, unyevu ule hugeuka kuwa maji kwenye kipande cha baridi kilicho nyuma ya dashibodi na kutoka nje kwa kipaipu kidogo cha raba, mara nyingi upande wa abiria. Siku ya kaskazi, ukiegesha dukani AC ikiwa imewashwa, utaacha kidimbwi kabisa. Gari lile lile likienda Nairobi laweza kutona kidogo tu, na mwenyewe akadhani limepona.

Cha kukutia wasiwasi ni AC inapofanya kazi vizuri lakini chini hapatoni kitu, huku zulia la upande wa abiria limelowa. Kipaipu kimeziba. Mchanga na tope huingia kutoka chini, na uchafu wa majani hushuka kutoka juu. Maji yakikosa njia hurudi ndani, zulia linaoza na gari linanuka ukungu. Kizibue kutoka chini kwa waya laini au kwa pumzi ya pampu ya baiskeli. Usisukume kwa nguvu, ukakitoboa kisanduku cha ndani.

Lakini liguse zulia lile na ulinuse kabla ya kuridhika. Likiwa lateleza na lanukia utamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu wa mafutamafuta, basi redieta ndogo ya hita ndiyo inayovuja ndani, na maji ya injini yanapungua. Wengi wetu hatuikumbuki hita kwa sababu hatuitumii maisha yetu yote. Maji ya injini lakini hupita humo kila siku.

Kulanti, au maji yanayopungua

Nianze na onyo. Usifungue mfuniko wa redieta injini ikiwa ya moto. Chini ya presha ya takriban bar 1 maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 120 hivi, na ukiufungua presha huondoka na maji yote huchemka kwa mpigo mmoja, usoni pako. Subiri mpaka uweze kuishika hosi ya juu kwa kiganja bila kuuma.

Kulanti huacha ushahidi mzuri kuliko oili, kwa sababu ikikauka hubakisha chumvi ya rangi: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Fuata ukoko. Ukiwa kwenye ncha ya hosi, kaza au badilisha klipu. Ukiwa kwenye mshono wa plastiki na bati la redieta, redieta imefika mwisho wake. Ukiwa unachuruzika kutoka kwenye kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, usikizibe kitundu hicho. Kiliwekwa makusudi na watengenezaji ili kikuambie sili ya ndani imekufa. Pampu ndiyo ya kubadilisha.

Na hapa naomba wenzangu wa Malindi wanisikilize. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Sisi wenyewe hatuyapendi kwenye chai, lakini twayamimina kwenye redieta mwaka mzima. Chumvi hula alumini ya pampu na ya kichwa cha injini, huziba vijia vya redieta kwa ukoko, na baada ya muda gari linavuja mahali pawili patatu kwa pamoja. Tumia kulanti iliyochanganywa tayari, au changanya iliyo nzito nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Usichanganye nyekundu na kijani kwa kukisia rangi.

Ikiwa maji yanapungua na boksi ni kavu, zulia ni kavu, hakuna ukoko popote, basi yanaungua ndani. Tazama moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa imepata moto, mapovu yasiyokoma kwenye redieta (mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa baridi, kisha injini ikawashwa), na oili iliyogeuka kuwa kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Hiyo ni hedi gasketi imekufa, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Utandu mdogo mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi kuhukumu. Gari la safari fupi fupi, nyumbani hadi sokoni, hupata utandu huo kwa unyevu tu.

Oili ya injini: hapa ndipo pesa hupotea

Swali la kwanza: je, gari limefanyiwa sevisi karibuni? Kama ndiyo, usiende mbali. Tazama nati ya sampu na washa yake, kile kipete chembamba kinachokaa chini ya nati. Washa ile ni ya kubadilisha kila unapomwaga oili. Fundi mwenye haraka huona inatona akakaza zaidi, na sampu nyingi za siku hizi ni alumini, uzi wa ndani hukatika. Kisha tazama filta. Raba ya filta ya zamani hubaki imeng'ang'ania injini, filta mpya ikafungwa juu yake, raba mbili zikakalishana. Inaweza kushika siku mbili tatu kisha ikatapika oili yote njiani. Gari kama Probox lina oili isiyofika lita 4, haichukui muda kuisha.

Kama sevisi haihusiki, safisha. Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo nusu ya kazi. Injini iliyojaa tope la oili la miaka haikuonyeshi kitu. Injini ikiwa baridi, funika alteneta na soketi za umeme kwa mifuko ya plastiki, paka mafuta ya taa kidogo au sabuni ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji yasiyo na kasi kubwa, iache ikauke. Usisafishie petroli hata kama umeona wengine wakifanya hivyo. Kisha nyunyizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Endesha mwendo wa Malindi hadi Gede na kurudi, fungua boneti, na oili itakuwa imejichorea mstari ndani ya weupe.

Anza juu kabisa. Gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, ni raba, na joto huikausha mpaka ikawa ngumu kama plastiki. Ikivuja juu ya ekzosi, utanusa oili inayoungua ukisimama kwenye taa. Ikivuja kwenye visima vya plagi, utakuta plagi zimelala ndani ya oili na injini inakosa moto, inatetemeka. Shuka hadi swichi ya presha ya oili, kile kidude kidogo chenye waya mmoja. Chenyewe hupasuka katikati na kutoa oili tele. Upande wa mikanda, oili iliyotapakaa kama imerushwa na feni huashiria sili ya mbele ya krenki. Sampu tazama mwisho, hasa kama umepita barabara ya Sala au njia za mawe na ukasikia kishindo chini.

Sili ya nyuma ya krenki ndiyo ya mwisho kabisa kushtakiwa, kwa sababu giaboksi lazima lishuke ndipo ionekane. Kabla hujakubali, hakikisha mambo mawili: kwamba kinachotoka ni oili ya injini na si mafuta ya giaboksi, na kwamba ukuta wa injini ulio juu ya maungio yale ni mkavu. Kwa yule dereva wa Garsen haukuwa mkavu. Poda ilionyesha mstari mwembamba ukianzia pembe ya tapeti kava iliyo upande wa giaboksi, ukishuka nyuma ya injini mpaka kwenye maungio. Sili zilizotolewa mara mbili zile huenda zilikuwa nzima.

Ila kulikuwa na jingine nyuma yake, na hili nalisisitiza. Injini hupumua. Gesi inayopenya kwenye ringi huingia chini ya pistoni na hutolewa kwa vali ndogo ya PCV irudi kuunguzwa. Vali ile ikiziba kwa masizi, presha hujaa ndani na kutafuta pa kutokea, na gasketi dhaifu ndiyo huwa mlango. Ukibadilisha gasketi ukaiacha vali imeziba, utaivujisha hata mpya. Itoe, itikise: ikilia kama njuga, mara nyingi i hai. Isipolia, badilisha, ni kidude cha bei ndogo. Ya Probox ile ilikuwa kimya.

Kabla hujaingia chini

Jeki pekee si ya kulalia chini yake, hata kwa dakika moja. Weka stendi za chuma, zuia magurudumu yaliyobaki chini, vuta hendibreki, na pawe na sakafu ngumu. Nawaona watu wakipanga mawe ya matumbawe, yale yale ya kujengea, chini ya gari. Jiwe la tumbawe ni jepesi na lina vitundu. Huhimili ukuta kwa sababu uzito umetandaa, lakini ncha moja ya chuma hulipasua bila onyo. Tafadhali msifanye.

Mafuta mekundu

Kama ni mekundu na yako katikati au upande wa giaboksi, tazama sili za eksel (vyuma vinavyozungusha magurudumu), sampu ya giaboksi na vipaipu vinavyokwenda kupozwa kwenye redieta. Chumvi ya baharini huvila vipaipu vile pale vinaposhikwa na klipu. Kama yako karibu na gurudumu la mbele, huenda ni reki ya stelingi: bana raba yake yenye mikunjo, na ikiwa imejaa mafuta kama kiriba, sili za ndani zimekwisha. Lakini magari madogo mengi ya karibuni yana stelingi ya umeme, hayana mafuta hayo kabisa. Fungua boneti uone kama kikopo chake kipo kabla ya kukishtaki.

Unyevu upande wa ndani wa gurudumu

Huenda ni mafuta ya breki, kwa hiyo gari hili lisitoke. Bonyeza pedali ya breki na uishikilie. Ikizama polepole hadi chini, huenda mafuta yanatoka mahali. Gurudumu la nyuma lenye ngoma, tazama silinda ndogo iliyo ndani. La mbele, tazama kalipa (kile kinachobana pedi za breki) na hosi yake. Kwa magari yetu yanayokaa karibu na ufuo mimi hufuata paipu ya chuma yote kwa kidole, kutoka mbele hadi nyuma, maana kutu huila kwa ndani ya vishikizo vya plastiki ambako jicho halifiki. Kiwango cha mafuta ya breki kikishuka kidogo bila unyevu popote, huenda pedi zimekwisha tu na pistoni zimesogea mbele. Usijaze ukasahau, pima pedi. Na kwenye gari la gia za mkono, mara nyingi klachi hunywa kutoka kikopo hicho hicho, basi inua raba iliyo juu ya pedali ya klachi utazame pia.

Mafuta ya shokabzoba kwa kawaida hayaachi doa boksini. Utaona tu mwili wake umeshika vumbi la mafuta.

Harufu ya petroli

Petroli hukauka haraka, doa laweza kuwa halipo na tundu lipo. Sukuma gari nje bila kuliwasha, mbali na jiko, na zaidi ya yote mbali na banda la makuti. Makuti ni kuni kavu, na Malindi tumeshaona jinsi moto wa makuti unavyoruka kutoka paa hadi paa. Tumia tochi ya betri, zima sigara, betri ya gari usiiguse mvuke ukiwa mzito.

Ikinuka baada ya kujaza tangi pomoni tu na kunyamaza tangi likifika nusu, tundu liko juu: paipu ya kujazia iliyoliwa na kutu, au raba ya pampu juu ya tangi. Ikinuka injini ikiwaka, iko kwenye hosi au raba za injekta, karibu na joto, na hiyo ni kazi ya fundi siku ile ile. Kipande cha sabuni ya mche kilichokandwa kwenye ufa wa tangi hushika kwa muda, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni. Kwangu kazi yake ni kuzuia matone tangi likingoja kuteremshwa, haikusudiwi kusafiri nayo.

Baada ya kutengeneza

Tandaza boksi jipya usiku huo huo, lakini usivunjike moyo ukikuta matone. Oili ya zamani hubaki imejificha kwenye kikinga tope cha chini na kwenye mifuko ya bodi, ikaendelea kushuka siku mbili tatu. Boksi la usiku wa tatu na la nne ndiyo ya kuamini. Yule dereva alinipigia usiku wa tatu akasema kuna matone mawili. Wa nne, tone moja. Wiki iliyofuata alipita gereji akitoka Garsen, akalitoa boksi kwenye buti na kulikunjua juu ya boneti: alama za magurudumu mawili kwa mkaa, neno "mbele", na katikati yake pakavu.